Hita Wazi Hadi Kiritiri

Gari tulilomnunulia Baba lilikuja likiongea Kijapani. Ukizungusha ufunguo tu, mwanamke fulani ndani ya dashibodi alisema sentensi ndefu yenye adabu, kisha akanyamaza kama mtu anayengoja jibu. Wiki za kwanza Baba alimjibu. "Asante, sisi hatujambo," alimwambia kwa Kiswahili chake cha mahakamani, kisha akanigeukia na kuniambia niendelee. Alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, na kwake yeye mtu akisema jambo rasmi mbele yako huwezi kumnyamazia, kwa sababu kunyamaza huandikwa kuwa umekubali.

Mimi ndiye niliyeendesha. Baba alisema macho yake yamestaafu pamoja naye. Nilikuwa nimerudi kuishi nyumbani Githongo baada ya kuhamishiwa ofisi ya kilimo, kwa hiyo ikawa kazi yangu kumpeleka kanisani, kliniki, na kwa rafiki zake ambao wengi wao ni watu aliowahi kuwasomea mashtaka. Ndugu yangu, mdogo wangu wa pekee, alikuwa akifundisha kule Kiritiri, nchi ya joto chini ya Embu. Alichangia ununuzi wa gari kisha akakaa mbali nalo, na sasa naona alikuwa na akili.

Baba hakujali injini wala magurudumu. Alichojali ni taa za dashibodi. Kila asubuhi kabla hatujaondoka aliniambia nizungushe ufunguo nusu, pale ambapo taa zote huwaka kwa pamoja kabla injini haijaanza. Alivaa miwani, akainama, akazitazama mojamoja. Zikizimika ipasavyo aliketi sawasawa na kusema, "Haya, Mama, twende." Ananiita Mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, na nyumbani kwetu jina hilo huja na heshima zake, ingawa si nyingi za kukufanya usikilizwe.

Alikuwa amezipanga taa hizo kisheria. Nyekundu ilikuwa amri: unasimama papo hapo. Manjano ilikuwa ushauri: unaendelea, lakini usije ukasema hukuambiwa. Kijani ilikuwa taarifa tu. Iliyomsumbua ni ya buluu. Asubuhi za Githongo, ukungu ukiwa bado umelalia mibuni, gari lilipowashwa kilionekana kialama kidogo cha buluu, kama kipimajoto kilichotumbukizwa majini. Hakikuwa kwenye sheria zake.

"Gari linasikia baridi," aliamua siku moja.

Nikamweleza kwamba taa hiyo inasema maji ya injini bado hayajapata joto, kwa hiyo tusilikimbize gari mpaka izimike.

"Maji yamepoa?"

"Ndiyo, Baba."

"Si ndivyo nilivyosema?"

Akaingia ndani akarudi na blanketi, lile zito la mistari myekundu, akaifunika boneti. Tukakaa garini, injini ikinguruma chini ya blanketi. Baada ya dakika chache taa ikazimika. Baba alinitazama tu, akatoka, akalikunja blanketi pembe kwa pembe. Kuanzia siku hiyo blanketi likawa sehemu ya safari, na sikuwa na namna ya kumshinda, kwa sababu kila asubuhi alilifunika na kila asubuhi taa ilizimika. Ingezimika hata kama angelifunika kwa jani la mgomba, lakini jaribu wewe kulithibitisha hilo mbele ya karani wa mahakama.

Mtu wa pili aliyekuwa na neno juu ya gari hilo ni Shangazi, dada mkubwa wa Baba, ambaye nyumba yake imetazamana na ya Baba uani. Magoti yake humuuma mwezi wa Julai, na Agosti, na miezi mingine yote mvua inapotishia. Yeye hakuwa na haja na taa. Alichogundua ni hita.

Vifungo vya hewa vilikuwa katikati ya dashibodi, na maandishi yake sikuyajua hata moja. Nilijifunza kwa picha. Kulikuwa na mtu mdogo aliyeketi, mwenye mshale unaomlenga usoni. Penginepo mshale ulimlenga miguuni. Penginepo alilengwa kote kama mtu aliyezingirwa. Kulikuwa na picha ya gari lenye mshale unaojikunja ndani yake, na nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba ukikibonyeza hicho gari huacha kuvuta hewa ya nje na kuzungusha ileile mliyokwisha kuipumua. Kulikuwa na kitasa cha kuzungusha kutoka buluu kwenda nyekundu. Shangazi alimwita yule mtu wa kwenye picha "mzee". Aliketi nyuma, shuka shingoni, akatoa maagizo.

"Mwekee mzee moto miguuni."

Nikaweka.

"Sasa mfungie mlango, asitoke na joto."

Hiyo ilimaanisha nibonyeze kile cha mshale unaojikunja. Tulifika kanisani Jumapili tukiwa na macho mekundu na usingizi, na mhubiri akadhani tumefunga na kuomba usiku kucha.

Kiyoyozi chenyewe, kile cha baridi, Baba alikipiga marufuku kwa sababu kinakula mafuta. Hita aliiruhusu kwa sababu nilimweleza, kama nilivyoelezwa na mwenzangu mmoja ofisini anayependa kutoa ushauri usioombwa, kwamba hita haiongezi mafuta: inachukua tu joto ambalo injini ingelitupa. Mwenzangu huyo aliendelea kusema kwamba hata injini ikizidiwa na joto ukiwa mbali na msaada, washa hita yote, feni mpaka mwisho, itanyonya moto kutoka kwenye injini. Niliitikia kwa kichwa kwa adabu na kurudi kwenye kazi zangu.

Kisha ndugu yangu akapata mchumba hukohuko Kiritiri, na ikafika siku ya kupeleka mahari.

Wazee wengine wa ukoo walitangulia na gari la kanisa. Baba alikataa kupanda humo. Alisema msemaji wa familia haendi kama mzigo. Kwa hiyo ndani ya gari letu tukawa mimi, Baba, Shangazi, kondoo jike mmoja ambaye hajazaa, na kibuyu kikubwa cha asali. Kondoo aliwekwa nyuma kabisa, kwenye sehemu ya mizigo, kamba imefungwa kwenye ndoano. Kibuyu ndicho kilichotuchelewesha. Shangazi hakukubali kiwe karibu na kondoo, maana angekipiga teke. Hakukubali kiwe miguuni pake, maana miguu yake ilikuwa na kazi ya kupata joto. Mwishowe kikawekwa kiti cha mbele kando yangu, na Baba akaketi nyuma na dada yake, amevaa suti ya sufi ya kijivu, kofia, na fulana mbili ndani, kwa kuwa asubuhi hiyo Githongo ilikuwa na baridi ya kukufanya uone pumzi yako.

Tulipoanza kuondoka gari likalia. Taa nyekundu ikawaka, picha ya mtu aliyefungwa mkanda.

"Simama," alisema Baba. "Ni amri."

"Baba, ni kibuyu. Kiti kinadhani ni mtu."

"Limesema nini?"

"Linasema mtu aliye mbele hajafunga mkanda."

"Basi mfunge."

Nikaifunga asali mkanda. Kelele zikakoma, taa ikazimika, na Baba akaridhika kabisa, ingawa yeye mwenyewe huko nyuma hakuwa amefunga wake.

Tulishuka Nkubu, tukapita Chogoria na Chuka bila neno. Baridi ilikuwa imeanza kulegea, nami nikataka kupunguza hita, lakini Shangazi aliona mkono wangu. "Mwache mzee," alisema. Nikamwacha.

Barabara inashuka hadi mto Thuci kwa kona za kukuzungusha, kisha inapanda upande wa Embu kwa kona nyingine kama hizo. Kabla ya kupanda, nilipoona Shangazi amesinzia, niliizima hita kimyakimya. Tukiwa katikati ya mlima kipimajoto kikarudi kwenye dashibodi. Mara hii kilikuwa chekundu.

"Amri," alisema Baba, na sauti yake ilikuwa karibu ya furaha.

Nikasimama pembeni palipopanuka. Injini ilikuwa ikitoa harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Nilifungua boneti na kuitazama jinsi watu wanavyotazama ndani ya boneti, yaani bila kuona chochote. Maji ya kwenye kichupa yalikuwepo. Feni ilizunguka. Hapakuwa na bomba lililopasuka. Kifuniko cha rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa, sikukigusa, maana hilo angalau nalijua, kikiwa cha moto kinaweza kukurushia maji yanayochemka usoni. Tulingoja. Kondoo alilia mara moja, akaacha. Baba alisimama kando ya barabara na kofia yake, akiwapungia mkono watu waliopita kama mtu aliyepangiwa kituo hapo.

Taa ilipozimika tukaondoka, na baada ya kona tatu nne ikawaka tena. Tukasimama tena. Hapo ndipo nilipomkumbuka mwenzangu wa ofisini na ushauri wake. Nikawasha injini, nikazungusha kitasa mpaka mwisho wa nyekundu, feni mpaka mwisho, mzee akalengwa kote. Upepo uliotoka humo ungeweza kukausha mahindi. Taa nyekundu ikasitasita, kisha ikazimika.

Shangazi akaamka. "Sasa ndiyo gari," alisema.

Niliijaribu mara kadhaa kabla ya Runyenjes. Nikipunguza hita, taa inarudi. Nikiizidisha, inaondoka. Basi tukaendelea hivyo, vioo vyote vimefunguliwa, hita imefunguliwa yote, nasi tukishuka kuelekea nchi yenye joto. Baba hakuvua koti. Nilimwomba. Aliniambia kwamba msemaji hafiki kwa wakwe amebeba koti mkononi kama mtu anayeuza makoti.

Nje kidogo ya mji wa Embu polisi walikuwa barabarani. Afisa kijana alitupungia mkono tusimame, akainama dirishani upande wa kibuyu. Alikitazama. Akautazama mkanda uliokipita kifuani.

"Huyu ni nani?"

"Ni asali, afisa."

"Kwa nini amefungwa mkanda?"

"Gari linalia asipofungwa."

Aliingiza kichwa zaidi ili aone nyuma, na hapo upepo wa hita ukamkuta. Alirudi nyuma hatua moja na kushika kofia yake. Kisha akaja upande wa kioo cha nyuma, kwa uangalifu, kama anayekaribia jiko.

"Mzee, wewe hujafunga mkanda."

"Taa haijanitaja," alisema Baba.

"Ati nini?"

"Kuna taa ya mkanda. Imemtaja aliye mbele. Mimi haijanitaja. Mtu hujibu shtaka alilosomewa."

Jasho lilikuwa likimtiririka Baba kutoka chini ya kofia, likipita kwenye masharubu na kudondoka kwenye tai. "Mzee," alisema afisa kwa upole, "mkigonga kitu, asali itafika na wewe hutafika. Funga." Baba akafunga. Kisha afisa akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mko sawa humu ndani?"

Kabla sijajibu Shangazi akasema, "Mwambie huyo kijana asogee, anatuingizia baridi."

Tukaachiwa. Nilimwona kwenye kioo akimsimulia mwenzake habari zetu kwa mikono yote miwili.

Barabara ya Kiritiri inashuka, na kila unaposhuka miti inakuwa mifupi na mchanga mwekundu zaidi. Jua lilikuwa juu ya kichwa. Mbuzi walikuwa wamelala chini ya vichaka, na hata wao walituonea huruma. Hita ilipuliza. Nilikuwa nimevaa vitenge vilivyoshonwa kwa ajili ya siku hiyo na niliweza kuhisi rangi zake zikihamia mwilini mwangu. Kondoo alikuwa ametoa ulimi. Asali ilikuwa imepata moto na kuanza kupanda shingoni mwa kibuyu, ikapenya kwenye kizibo na kushuka taratibu juu ya mkanda. Nyuki wakaanza kuingia dirishani, mmojammoja kwanza. Sikuweza kufunga vioo kwa sababu ya joto, wala kuzima hita kwa sababu ya taa. Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa katika hali njema. Aliimba nyimbo za kanisa njia nzima, na magoti aliyanyoosha.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwa wakwe.

Walikuwa wametungojea chini ya hema, viti vimepangwa, wazee wetu waliotangulia wamekaa upande mmoja wakiwa wakavu na nadhifu. Nilizima injini. Baba alitoka, akanyoosha tai iliyolowa, akaanza kutembea kuelekea hemani huku nyuki wawili watatu wakimfuata. Viatu vyake vilitoa sauti ya mtu aliyevuka mto. Nyimbo za kutupokea zilianza na kukatika. Ndugu yangu, aliyekuwa amesimama karibu na hema na shati jeupe, alinitazama kama mtu ambaye baadaye tungekubaliana naye kwamba hatujuani.

Nyanya wa bibi arusi alimshika Baba mkono, akamgusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja, akasema kwa Kimbeere, lugha ya huko, jambo ambalo sote tulielewa. Alikuwa ameagiza maji. Yakaja maji, ukaja uji, ukaja upepo wa wanawake wawili waliotupepea na sinia. Msemaji wa upande wao, mjomba wa bibi arusi, alingoja tumalize. Kisha akasimama na kusema kwa heshima zote, "Tumepokea wageni wengi hapa. Hawa ndio wa kwanza kutokwa na jasho kabla hatujasema tunachotaka."

Walicheka, wetu pia. Baba hakucheka. Alisimama kujibu, na alikuwa amefika kwenye sehemu ya kueleza tumetoka wapi wakati harufu ya kuungua iliposambaa chini ya hema. Wanawake walikimbilia jikoni. Haikuwa jikoni.

Nilikwenda kwenye gari. Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka mbele, kwenye matundu ya uso wa gari. Nilipiga magoti na vitenge vyangu, nikaingiza vidole, nikagusa kitu kisichokuwa cha chuma. Nikavuta. Ilitoka katoni ya maziwa ya pakiti, imekunjuliwa ikawa bapa, imekatwa vizuri kulingana na upana wa rejeta, kona moja imekuwa kahawia. Juu yake iliandikwa kwamba upande huu uwe juu, na kweli ulikuwa juu.

Baba alikuwa amenifuata. Alitazama vilima vya mbali.

"Baba."

"Baridi ilikuwa ikiingilia hapo," alisema. "Blanketi halifiki hapo."

Kwa hiyo rejeta haikuwa imepata upepo tangu Githongo. Nilifungua boneti, nikaingiza mkono tena kuhakikisha hakuna kipande kilichobaki, nikagusa kitu kingine laini. Nikavuta. Likatoka gunia la mkonge, limekunjwa mara mbili.

"Hilo la gunia si langu," alisema Baba haraka.

Tukageuka sote wawili. Shangazi alikuwa ameketi hemani na bakuli la uji. Aliinua kijiko kidogo kutusalimu.

Sasa wanaume wote walikuwa wameacha viti na kulizunguka gari, maana hakuna mwanamume anayeweza kuona boneti iliyofunguliwa na akabaki ameketi. Wasemaji wa pande zote mbili walikuwa hapo. Mahari ikajadiliwa hapohapo, kati ya injini na gunia, kwa urahisi ambao nadhani hema lisingeutoa. Mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka Baba alipoeleza jinsi taa nyekundu ilivyotuokoa, na baba wa bibi arusi, mzee mnene mchangamfu aliyefuga mbuzi na kulima ndengu, akasema kwa fahari kwamba yeye taa za gari hazimsumbui. Pikapu yake ilikuwa na taa iliyowaka kwa miaka. Aliiziba kwa selotepu nyeusi.

Baba aliuliza, taratibu, "Uliiziba?"

"Ilikuwa inaniudhi usiku."

"Ilikuwa ya rangi gani?"

"Sikumbuki. Ni zamani."

Baba alifunga vifungo vya koti lake lililolowa. Nilijua anachotaka kufanya na nilishindwa kumzuia. "Naomba tuahirishe," alisema. "Siwezi kuendelea na jambo hili mpaka tujue ile taa ni ya rangi gani."

Walidhani anatania. Alipokwenda kuketi peke yake kwenye kiti cha mwisho cha hema, wakajua hatanii. Mjomba aliniuliza kama ni desturi ya Wameru. Nikasema hapana, ni ya mahakama. Ndugu yangu alimwendea Baba, akapiga magoti mbele yake, wakaongea kwa muda. Alirudi akiwa na uso wa majivu. "Anasema kama ni nyekundu, mtu huyu ameendesha miaka yote juu ya amri," aliniambia. "Anasema hawezi kuungana na nyumba iliyofunika amri kwa selotepu."

Bibi arusi ndiye aliyetuondoa hapo. Kwa desturi hakupaswa hata kuonekana bado. Alitoka jikoni na aproni, akavuka ua mbele ya wageni wote, akamwambia baba yake, "Baba, bandua selotepu." Hakuinua sauti. Mzee alitazama watu, akaingia kwenye pikapu yake iliyoegeshwa kando ya ghala, akakwangua dashibodi kwa ukucha wa kidole gumba. Ilikuwa imegandamana. Akakwangua kwa ufunguo. Kisha akawasha.

Tulijipanga kwenye madirisha. Taa ilikuwa inawaka kweli, picha ya injini, lakini gundi ya selotepu ilikuwa imeipaka ukungu na jua lilikuwa kali, na rangi yake haikusomeka. Mjomba alisema ni ya machungwa. Mzee wetu mmoja, mchunga ng'ombe mwenye macho mazuri, alisema inaelekea nyekundu. Mtu akavua koti na kulitandaza kwenye kioo ili kuleta giza. Nyanya akaletwa, akashikwa mikono, akachungulia kwa muda mrefu kuliko wote.

"Ni kama papai," alisema.

"Papai lililoiva vipi?" aliuliza Baba kutoka nyuma. Hatukuwa tumemwona akija.

Nyanya alifikiri. "La kuliwa kesho."

Baba alivaa miwani, akainama, akaitazama taa ile jinsi alivyotazama zetu kila asubuhi. Mahali fulani kondoo alikuwa akitafuna. Alisimama akanyoosha mgongo.

"Ni manjano," alisema. "Manjano ni ushauri." Akamgeukia baba wa bibi arusi. "Lakini miaka yote hiyo, ulishauriwa."

"Nilishauriwa," alikubali mzee.

"Utaipeleka kwa fundi?"

"Nitaipeleka."

Wakashikana mikono, na wanawake wakapiga vigelegele. Ndugu yangu alikwenda nyuma ya ghala akakaa huko kidogo peke yake. Tulikula mbuzi na ndengu mpaka jua likapungua, na kibuyu kilikabidhiwa kikiwa na asali iliyobaki, ambayo ilisifiwa kwa wepesi wake.

Harusi ilifanyika, na wanaishi vizuri. Pikapu ilipelekwa kwa fundi baada ya Baba kupiga simu kila Jumamosi kuulizia, na taa ikazimika, kisha ikarudi, na wazee hao wawili sasa huongea juu yake kwa simu kwa muda mrefu kuliko wanavyoongea juu ya wajukuu.

Mwaka huu baridi ilikuwa mbaya Githongo. Asubuhi moja nilitoka niende kazini nikakuta gari linanguruma uani na vioo vimejaa ukungu mweupe, huwezi kuona ndani. Nilifungua mlango wa nyuma. Shangazi alikuwa humo na wanawake watatu wa kikundi chake, wamebanana, sinia ya maharagwe mapya mapajani, wakimenya. Joto lilikuwa la kitandani. Walikuwa katikati ya mkutano. Mwenyekiti aliniomba nifunge mlango.

Nikaingia mbele, nikabonyeza kifungo chenye picha ya kioo na mistari ya mawimbi, na kando yake kile cha kiyoyozi, kwa sababu nimejifunza kwamba hewa ya moto inapopita kwenye kiyoyozi inakauka na ukungu unaondoka haraka. Nikakitoa kile cha mshale unaojikunja ili hewa mpya iingie. Kioo kikaanza kufunguka kutoka chini, mibuni ikaonekana, kisha uzio.

"Unaenda kazini na gari?" aliuliza Shangazi.

Nilisema ndiyo.

Walijadiliana kwa Kimeru, kwa sauti ya chini. Kisha akaniambia kwamba wanaona ni afadhali nipande bodaboda, kwa kuwa maharagwe bado ni mengi.